Namba 56, uwanjani na mahakamani

Ndugu zangu, nawashukuru kwa kuja. Naomba tuanzie usiku wa Jumatatu, tarehe 18 Novemba 1985, mjini Washington, kwenye mechi ya ligi ya futiboli ya Kimarekani. Joe Theismann, kwotabeki wa timu ya nyumbani, ambaye ndiye mrusha mpira, anatafuta wa kumrushia. Lawrence Taylor wa New York Giants, jezi namba 56, anamrukia kutoka nyuma. Wanaanguka, na mguu wa kulia wa Theismann unavunjika chini ya goti, mifupa yote miwili. Ukiutazama mkanda wa mechi ile utaona Taylor hashangilii. Anaruka juu kama aliyekanyaga kaa la moto, anashika kofia yake kwa mikono miwili, anawapungia watu wa benchi la wapinzani waje upesi. Theismann hakucheza tena maishani.

Nimeuleta mkanda huo kwa sababu nitasema maneno mazito juu ya mtu huyu, na sitaki mwondoke hapa mkidhani nazungumzia jitu lisilo na moyo.

Taylor alizaliwa mwaka 1959 Williamsburg, Virginia, na Giants wakamchukua mwaka 1981. Kabla yake, walinzi wa nafasi yake walisubiri kwanza waone mpira unaelekea wapi. Yeye hakusubiri. Kwotabeki anayetumia mkono wa kulia, akijiandaa kurusha, huupa mgongo upande wake wa kushoto, na huko ndiko Taylor alikotokea, mwepesi kama mkimbiaji, mzito kama ukuta. Kocha Joe Gibbs wa Washington alilazimika kupanga upya safu yake ya mbele kwa ajili ya mtu mmoja. Mwaka 1986 Taylor aliwaangusha kwotabeki mara 20 na nusu (nusu ni pale walinzi wawili wanapomwangusha pamoja), akachaguliwa mchezaji bora wa ligi nzima. Walinzi waliowahi kupewa heshima hiyo ni wawili tu, yeye na Alan Page.

Mwaka huohuo alikiri hadharani kwamba alikuwa ametafuta matibabu ya uraibu. Mwaka 1988 ligi ilimfungia mechi nne kwa dawa za kulevya. Sasa sikilizeni hesabu hii: katika mechi 12 zilizobaki aliangusha kwotabeki mara 15 na nusu. Nadhani hapo ndipo alipopotea. Nani angemwambia mtu wa namna hiyo kwamba anaumwa, wakati kila Jumapili anashinda? Baadaye alieleza mwenyewe kwamba alikuwa akiwasilisha mkojo wa wachezaji wenzake ili apite vipimo.

Alistaafu baada ya msimu wa 1993. Mwaka 1997 alikiri kosa la kodi, mwaka 1998 akakamatwa Florida kwa kesi ya kokeini. Hayo nayapita haraka. Mwaka 1999 aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa mchezo huo, Canton, Ohio. Kanuni za ukumbi ule zinawataka wapiga kura watazame ya uwanjani peke yake. Kwa kanuni hiyo, alistahili bila shaka yoyote.

Mwaka 2003, kwenye mahojiano ya televisheni, Taylor alisimulia kwamba enzi zake alikuwa akiwapelekea wapinzani makahaba hotelini usiku wa kuamkia mechi, ili waamke wamechoka. Watu waliipokea kama hadithi ya ujanja. Hakuna aliyeuliza wanawake wale walikuwa akina nani, wana umri gani, nani aliwaleta.

Mei 2010 swali hilo likajijibu lenyewe. Polisi walimkamata Taylor hotelini, katika jimbo la New York. Aliyeletwa chumbani kwake alikuwa binti wa miaka 16, na sheria ya jimbo lile inataka miaka 17. Alishtakiwa kwa ubakaji wa daraja la tatu. Taylor alisema aliambiwa binti ana miaka 19. Januari 2011, kwa makubaliano na waendesha mashtaka, alikiri makosa madogo mawili: mwenendo mbaya wa kingono, na kununua ngono. Adhabu ikawa miaka sita chini ya uangalizi wa mahakama, bila kulala jela, na jina lake kuandikwa kwenye rejista ya wahalifu wa ngono. Binti alifungua kesi ya madai. Mwaka 2012 baraza la mahakama likampa ushindi Taylor.

Mimi ni mtu wa sheria, naziheshimu hukumu hizo. Lakini neno "kahaba" juu ya mtoto wa miaka 16 linanichoma kila ninapolikuta kwenye magazeti ya siku zile. Mtoto hawi kahaba. Mtoto huuzwa, na huwa yuko muuzaji, na yuko mnunuzi.

Julai 2025 Taylor alikuwa Ikulu ya Marekani, akitambulishwa kama mjumbe wa baraza la rais la michezo na afya ya mwili, baraza ambalo siku hiyo lilizungumzia mazoezi ya watoto shuleni. Watu walimpigia makofi. Binti yule wa hotelini sasa ni mwanamke aliyevuka miaka 30, na katika hafla ile hakuna aliyemtaja.