Mabando Mangapi? Swali Lenyewe Limekosewa

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Najua wengi mmekuja na swali moja tu: "Ninunue mabando mangapi ya nywele za kushonea?" Jibu lipo, ila kwanza nilivuruge swali lenyewe, maana likiulizwa hivyo halijibiki.

Bando ni uzito. La kawaida lina gramu 100 hivi, liwe la inchi 12 au la inchi 24. Sasa fikirini: unywele ukirefuka mara mbili, uzito wake nao ni mara mbili. Ili mizani isome gramu 100 zilezile, lazima idadi ya nywele ipungue. Kwa hiyo bando la inchi 24 lina nusu tu ya nywele zilizomo kwenye la inchi 12. Muuzaji hajakuibia, ndivyo hesabu inavyokwenda.

Tazameni hapa mezani. Nafungua haya mawili na kuunyoosha mshono, ule ukanda uliopigwa cherehani. Wa inchi 12 unavuka meza yote. Wa inchi 24 huu hapa, umeishia njiani. Mshono huu ndio msusi anaouzungusha kichwani mstari kwa mstari. Ukiwa mfupi, mistari inakuwa michache na nafasi kati yake inapanuka. Mtu anatoka saluni na mabando yake mawili marefu, upepo ukipuliza misuko ya chini yote nje, halafu lawama kwa msusi! Msusi afanye nini? Azishone nywele ambazo hukununua?

Piga hesabu mwenyewe. Mabando manne ya inchi 24 yana wingi sawa na mawili ya inchi 12. Manne kwa mawili, nasema! Aliyezoea matatu ya inchi 12 akitaka ujazo uleule kwa inchi 24, anahitaji sita: gramu 600 kichwani. Hapo simshauri mtu.

Haya, namba zenyewe. Unashonea kichwa kizima na kufunga utosini kwa kloja, kile kipande cha lesi chenye nywele, ya inchi 4 kwa 4: inchi 10 hadi 14, mabando mawili. Inchi 16 hadi 20, matatu. Inchi 22 hadi 26, manne. Kuanzia 28, matano, na hapo tuzungumzie kwanza shingo yako. Ukitumia frontali ya 13 kwa 4, lesi pana inayotoka sikio hadi sikio, mara nyingi unaweza kupunguza bando moja kwenye manne. Mwenye kichwa kikubwa asipunguze.

Nasikia mtu ananong'ona: "Mbona fulani kavaa matatu ya inchi 26 na zimejaa?" Ulizishika? Kuna bando ambalo nywele fupi zimechambuliwa zikatolewa, na kuna ambalo zimeachwa humo humo. Lisilochambuliwa ni nene juu, chini mkia wa panya. Kulipima ni rahisi: likamate katikati kwa vidole viwili, teremsha mkono hadi ncha. Vidole vikikaribiana kwa kasi, inchi zilizoandikwa ni za nywele chache tu. Lililochambuliwa ni ghali zaidi, lakini matatu yake yanaweza kukupa ncha nzito kuliko manne ya lile jingine.

Na hii ya kuchanganya urefu, 20, 22 na 24, nimeisema hadi nimechoka. Mnashona la 24 kisogoni chini kabisa, 22 katikati, 20 juu. Sasa niambieni, ncha za mwisho kabisa ni za bando gani? La 24 peke yake! Umelipia matatu, ncha ni za moja. Kwa mtindo wa ngazi sawa, hiyo inapendeza. Ukitaka chini pajae, nunua urefu mmoja, au yale marefu yapande juu, kwa sababu nywele iliyoshonwa utosini inaanzia juu zaidi na inahitaji urefu wa ziada ili ifike walipo wenzake.

"Basi si ninunue mengi tu?" Hapana. Matatu ya inchi 10 yanavimbisha kichwa, kloja inazama katikati kama imewekwa shimoni. Na uzito unavuta nywele za kandokando ya paji. Zikivutwa muda mrefu zinakatika, na mwisho mizizi inakufa.

Muda unanibana, nikimbie. Za mawimbi na za kujikunja: urefu huandikwa zikiwa zimenyooshwa, kwa hiyo ongeza inchi kadhaa, ila mabando usiongeze, mikunjo inajaza yenyewe. Zilizonyooka kabisa ndizo zinazoumbua uchache.

Za klipu: gramu 120 kwa mwenye nywele chache laini, 160 hadi 180 kwa wa wastani, 220 kwenda juu kwa nene au ndefu. Kama zako zimekatwa sawa mabegani, ule mpaka kati yake na za klipu hauondoki kwa kuongeza gramu, unaondoka kwa mkasi.

Za kubandika kwa gundi: vipande 40 si sehemu 40. Vinabanana viwili viwili na nywele zako katikati, kwa hiyo ni sehemu 20. Msije mkalalamika.

Nunua zote siku moja, kutoka shehena moja, rangi zisikataane. Na ziwekwe mizani kabla hujakata uzi wa bando, kwa sababu ukishaukata muuzaji hapokei tena. Haya, yule aliyenyoosha mkono kule nyuma, uliza.