Safari ya Sampuli Kutoka Chooni Hadi Maabara

Ndugu wasikilizaji, leo tuzungumze kuhusu kinyesi bila kuoneana haya, kwa sababu utafiti wa bakteria wa utumbo unaanzia hapo. Wengi hudhani kazi huanza maabara, kwenye mashine ya kusoma DNA. Ikifika huko, mengi yameshaharibika au yameshaokolewa.

Kinyesi kikishatoka mwilini, bakteria waliomo hawatulii. Wengi wamezoea kuishi pasipo oksijeni, na hewa ikiwafikia huanza kufa. Wengine, kama E. koli na jamaa zake, huishi kote kuwili, na kikopo kikisahaulika mezani huzaana. Baada ya siku mbili tatu, mashine itasoma kwa usahihi kabisa kilichomo kikoponi, ila sicho kilichokuwamo tumboni.

Mradi wa American Gut, wa kuchunguza bakteria wa utumbo, ulioanza Marekani mwaka 2012, ulikutana na jambo hili. Watu walijichukulia sampuli nyumbani kwa kijiti cha pamba na kuzituma kwa posta, bila barafu. Watafiti walipozilinganisha na sampuli zilizogandishwa mapema, wakabaini aina chache za bakteria zilizokuwa zikiongezeka njiani. Mwaka 2017 walichapisha njia ya kuziondoa kwenye hesabu. Ni kazi nzuri, lakini ina gharama: mtu mwenye E. koli nyingi kwelikweli naye hufutiwa.

Je, dawa ni kugandisha? Nyuzi 80 chini ya sifuri ndicho kipimo tunacholinganishia njia nyingine. Ila kuganda na kuyeyuka mara kwa mara huharibu, na friza nyingi za nyumbani zisizoota barafu hujipasha joto kila baada ya muda. Pasipo na friza, ethanoli ya asilimia 95 hutunza DNA vizuri kwa wiki kadhaa; ya asilimia 70 haiaminiki. Na ukishamimina ethanoli, usitegemee kuotesha bakteria hai. Kwa hiyo amueni mnatafuta nini kabla ya kununua vikopo.

Sasa nifike kwenye linaloniuma zaidi. Chukulia wagonjwa wako wodini, sampuli zao zinaingia kwenye friza ndani ya saa moja. Watu wenye afya wanaleta zao kutoka nyumbani kesho yake. Tofauti ikionekana, ni ya ugonjwa au ya kuchelewa? Hakuna hesabu itakayokutenganishia mambo hayo mawili baadaye. Ni kweli, tofauti kati ya mtu na mtu kwa kawaida huizidi ile inayoletwa na utunzaji. Lakini alama ya ugonjwa mara nyingi ni ndogo, na hufunikwa kirahisi. Afadhali njia ya wastani iliyofuatwa kwa wote kuliko njia bora iliyofuatwa kwa nusu yao.

Halafu kuna fomu, ambayo watu huidharau. Andikeni dawa za antibiotiki alizotumia mtu karibuni. Andikeni umbo la kinyesi kwa kipimo cha Bristol chenye aina 7, kwani ulaini na ugumu huenda sambamba na aina za bakteria zilizomo. Juu ya yote, andikeni saa kilipotoka na saa kilipoingia kwenye friza. Kikopo kisicho na saa hizo mbili, mimi sikiingizi kwenye uchambuzi.