Nyasi za Tanga Hulala Lini?

Mhadhara kuhusu kanuni za gofu za majira ya baridi, uliotolewa Tanga mbele ya wachezaji, makedi (wabeba mifuko ya fimbo) na watunza uwanja

Asalaam aleikum, wazee wangu, mama zangu, wagosi wote. Na nyie makedi mliojibanza kule nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Mada hii imewachekesha baadhi yenu tangu mlipoiona ubaoni. Kanuni za majira ya baridi, Tanga? Hata Julai, kusi ikivuma, mtu akijifunika shuka mbili usiku tunamuuliza kama ana homa. Lakini kanuni zenyewe mmeshazipokea siku nyingi. Masika yakianza tu, karatasi inabandikwa mlangoni kwamba leo tunacheza kwa kanuni za baridi, na kila mmoja anajua la kufanya: nyanyua mpira, futa, weka pazuri, piga. Mvua zikikatika, karatasi inabaki pale pale mpaka inapauka kwa jua, na mipira inaendelea kuwekwa pazuri.

Tunameza dawa ya mgonjwa mwingine bila kuuliza yeye aliumwa nini. Kwa hiyo naomba kwanza twende kwa huyo mgonjwa.

Nyasi za viwanja vya Uingereza na Uskoti, fesku, rai na jamaa zake, ni nyasi za nchi baridi, lakini baridi nayo ina kiwango. Udongo ukipoa hadi nyuzi joto 5 hivi za sentigredi, jani linaacha kukua. Halijafa, limesimama tu. Sasa mchezaji akipiga fimbo ya chuma akang'oa kipande cha nyasi, ile tunayoiita divoti, kidonda hicho kinabaki wazi Desemba, Januari, Februari, kikisubiri udongo upate joto ndipo kianze kuziba. Zidisha kwa kila pigo la kila mchezaji wa kila siku, utapata picha ya feawei, ile njia ya nyasi fupi inayoelekea shimo, itakavyokuwa mwezi wa tatu.

Halafu kuna jalidi, umande ulioganda. Asubuhi nyasi ni nyeupe, na maji yaliyo ndani ya jani nayo yamekuwa barafu. Ukikanyaga, chembe za jani zinapasuka. Papo hapo huoni kitu. Baada ya siku moja mbili nyayo zako zinajitokeza zenyewe, za rangi ya kahawia, unyayo baada ya unyayo, kiasi kwamba mtunza uwanja anaweza kuzifuata akajua bwana fulani alikatisha kona kwenda shimo la nne wakati alikatazwa. Ndiyo maana vilabu vya huko huchelewesha mchezo asubuhi mpaka jua liyeyushe jalidi, na anayeanza mapema anakemewa hata kama ni mjumbe wa kamati.

Chukueni Old Course ya St Andrews, uwanja maarufu kuliko yote duniani. Unachezwa mizunguko zaidi ya 40,000 kwa mwaka, na ardhi yake ni ya umma. Kuanzia Novemba hadi Machi, mpira ukitua kwenye feawei unauinua na kuuweka juu ya kizulia cha nyasi bandia, kipande kidogo ambacho mchezaji anatembea nacho, unapiga, unakiokota, unaendelea. Jumapili uwanja unafungwa, isipokuwa siku chache za mashindano makubwa. Zamani hata mwelekeo wa mchezo ulikuwa ukigeuzwa kwa zamu, safari hii unazunguka kulia, safari ijayo kushoto, ili nyasi za upande mmoja zipumue. Old Tom Morris, aliyekuwa mtunza uwanja pale kuanzia 1865, alikuwa mkali sana juu ya pumziko la Jumapili, na mchanga aliumwaga juu ya nyasi bila kuchoka.

Na hapa wengi hatuangalii. Uwanja ule uko juu ya mchanga wa pwani. Mvua ikinyesha, maji yanazama. Vizulia vya St Andrews havikuletwa kwa sababu ya matope. Vimeletwa kwa sababu nyasi imelala na haiwezi kujitibu. Shikeni hilo, nitalirudia.

Viwanja vingine hawatumii vizulia, bali wanakutaka uuhamishe mpira kutoka feawei hadi rafu iliyo karibu, zile nyasi ndefu za pembeni, upigie huko. Vingine vinafunga grini, zile sehemu za nyasi fupi sana zenye shimo, na kukata nyingine za muda mbele yake. Hizo nazipita, kwa kuwa tatizo lenu halipo kwenye grini.

Kanuni mnayoitumia nyinyi ni nyingine kabisa. Kitabu cha kanuni kinaruhusu kamati kutoa kanuni ya uwanja ya kuchagua pa kuweka mpira. Mpira ukiwa kwenye sehemu iliyokatwa kwa kimo cha feawei au chini ya hapo, mchezaji anaweza, mara moja tu, kuuweka mahali pengine ndani ya umbali uliotajwa, bila kusogea karibu na shimo. Umbali anautaja kamati: inchi 6, au urefu wa kadi ya alama, au urefu wa fimbo moja. Haihusu rafu. Haihusu banka, yaani shimo la mchanga. Na ukishauweka, umeuweka. Huna ruhusa ya kuuinua tena eti umeona kijinyasi kizuri zaidi pembeni. Kitabu kinataja sababu mbili za kanuni hiyo, mchezo wa haki na kulinda uwanja, na kinaitaka kamati iiondoe mara tu hali inaporuhusu.

Sasa niambieni, kati ya kizulia na kanuni hii, ipi inamlinda nani? Kizulia kinailinda nyasi, mchezaji anasumbuka. Kuchagua pa kuweka mpira kunamfaidi mchezaji kwanza, na nyasi inapata makombo. Tena wakati mwingine inaumia zaidi, kwa sababu ukimpa mtu urefu wa fimbo nzima atatafuta kile kishungi cha nyasi kilichobaki hai na kukipiga hicho hicho. Nimesimama kando ya feawei nikatazama wanne wakifuatana, wote wakiweka mpira kwenye kiraka kimoja chenye afya. Walipoondoka, kiraka hakikuwepo.

Kuhusu uchezaji wenyewe, nianze na kizulia. Kwenye nyasi ya kweli, fimbo ya chuma inashuka, inagusa mpira, ndipo inakata ardhi. Ukitangulia kupiga udongo, fimbo inazama, mpira unakufa njiani, na wote wamekuona. Kwenye kizulia, ukitangulia kupiga chini fimbo inateleza juu ya zile nyuzi na kuufikia mpira hata hivyo. Mpira unaruka, unajipongeza. Mtu akicheza hivyo miezi mitano anarudi kwenye nyasi akiwa na kosa asilolijua. Isitoshe mpira unakaa juu kidogo kuliko ardhi, kwa hiyo fimbo ndefu zinakuwa rahisi na zile fupi za kuinulia mpira zinapita chini yake. Viwiko na vifundo vya mikono navyo vinalalamika, hasa vya wazee wenzangu.

Athari ya kuchagua pa kuweka ni ya taratibu zaidi, na kwangu mimi ndiyo mbaya. Mchezaji anaacha kuusoma mpira ulivyokaa. Gofu iliandikiwa kanuni za kwanza huko Leith, Uskoti, mwaka 1744, vifungu 13, na msingi uliodumu hadi leo ni kwamba mpira unapigwa ulipo. Kuna vijana hapa wana handikapu, kile kipimo cha uwezo wa mchezaji, nzuri sana nyumbani. Wanakwenda kucheza mashindano nje ya mkoa, kanuni hiyo haipo, mpira umekaa kwenye shimo la divoti ya mtu mwingine, na kijana anasimama pale akimwangalia kedi kama anayeomba msaada wa polisi. Hajawahi kupiga mpira ule. Kila siku amekuwa akiusogeza.

Nisiwe mkali kupita kiasi. Matope yana dhuluma yake. Mei 2025, kwenye mashindano ya PGA Championship pale Quail Hollow, Charlotte, Marekani, mvua kubwa ilikuwa imenyesha siku za kabla, na waandaaji wakakataa kutoa kanuni hiyo. Raundi ya kwanza, shimo la 16, Scottie Scheffler na Xander Schauffele walipigia mipira yenye tope upande, ikapinda hadi majini, kila mmoja akaondoka na mapigo mawili zaidi ya paa, yaani idadi ya mapigo iliyopangiwa shimo hilo. Scheffler alilalamika waziwazi: umepiga katikati ya feawei, umefanya kila kitu sawa, na tope ndilo linaloamua mpira uende wapi. Ana haki ya kusema hivyo. Siku tatu baadaye alibeba kombe, lakini malalamiko yake hayafutwi na ushindi.

Ila kabla hamjaikimbilia kanuni ya uwanja, kumbukeni mnachopewa bure na kanuni za kawaida. Mpira ukizama ndani ya shimo ulilolichimba wenyewe ulipotua, chini ya usawa wa ardhi, popote kwenye eneo la jumla, rafu ikiwemo, unapata nafuu, yaani unauhamishia pengine, bila adhabu. Ukisimama kupiga na maji ya mvua yanaonekana kuzunguka kiatu chako, bila wewe kukanyagia kwa nguvu ili yatoke, hayo ni maji ya muda, una nafuu. Na kila unapochukua nafuu hizo unaruhusiwa kuufuta mpira. Sehemu kubwa ya matatizo ya masika yanaishia hapo, na wengi wenu hamzitumii kwa sababu mmezoea ile njia fupi.

Sasa turudi nyumbani. Nyasi yetu ni ukoka. Ukoka ni wa nchi za joto. Huanza kulala udongo ukishuka karibu na nyuzi joto 10, na Tanga haijui kitu hicho. Una mashina yanayotambaa juu na mengine chini ya ardhi, unatoa mizizi kila pingili inapogusa udongo. Ukiupa maji na jua unaziba jeraha huku unauangalia. Aprili na Mei, wakati ile karatasi iko mlangoni, ukoka una nguvu kuliko wakati wowote wa mwaka. Nyasi haina shida yoyote. Mwenye shida ni udongo, hasa kule mabondeni kwenye mfinyanzi. Udongo uliojaa maji ukikanyagwa unashindiliwa, vile vijitundu vya hewa vinafungwa, na mizizi inakosa pumzi. Kizulia hakiponyi hilo, wala kuufuta mpira hakuponyi. Anayeumiza masika ni toroli, trekta la kukatia nyasi, na miguu yetu inayopita njia ile ile.

Na nyasi ya Tanga hulala lini? Hulala kiangazi. Januari na Februari, kaskazi imekausha kila kitu, pasipo na umwagiliaji ukoka unageuka kahawia na kuacha kukua, unangoja mvua. Divoti ya Januari inakaa wazi hadi masika. Hiyo ndiyo hali ile ile ya Uskoti wakati wa baridi, sababu tofauti, matokeo yale yale. Na ndio msimu ambao hakuna karatasi mlangoni! Wote tunafurahi kwa sababu ardhi ni ngumu, mpira unabingirika, draiva ya babu inafika mbali kama ya mjukuu.

Pendekezo langu kwa kamati ni hili. Masika, sehemu za bondeni zizungushiwe kamba na zitangazwe kuwa eneo lisiloruhusiwa kuchezewa, kanuni zinaruhusu. Mpira ukiingia, unachukua nafuu ya lazima, ukipigia humo adhabu ni mapigo mawili, au kupoteza shimo kama mnacheza shimo kwa shimo. Kamba iwe ya mkonge, hiyo hatuagizi kokote. Trekta lisiingie udongo ukiwa umelowa, hata kama nyasi imerefuka na wachezaji wanapiga kelele. Makedi wabebe mifuko begani kama wanavyofanya, na matoroli yapite pembeni. Kuchagua pa kuweka mpira kuwepo, sikatai, lakini kwa feawei zilizotajwa kwa namba, umbali uwe kadi ya alama, na karatasi iandikwe tarehe ya mwisho.

Kiangazi ndiyo vizulia, tena si uwanja mzima. Kule tu ambako mipira mingi ya kutoka tii, pale pa kupigia pigo la kwanza, inatua. Na kabla mgosi mmoja hajasimama kuuliza mbona tusifume vizulia vya mkonge: fimbo itauchana kwa wiki moja. Tuuache kwenye kamba. Mabaki ya nyasi bandia za viwanja vya mpira yanatosha.

Ndiyo, kijana, uliza... Ameuliza kama kuna haja ya kuendelea kujaza divoti mchanga kiangazi wakati nyasi hazioti. Jazeni. Mchanga unasawazisha kidonda ili mpira wa anayefuata usizame ndani, na unayakinga mashina yaliyobaki chini yasikauke. Mvua ya kwanza ikinyesha, yatapandia humo humo. Lakini chupa ya mchanga isiwe kazi ya kedi peke yake. Aliyeng'oa ndiye ajaze.

Na swali la nani atalipia vizulia, hilo mwulizeni mwekahazina, namwona anatazama dari. Kamati ikikaa kabla ya mwisho wa Novemba, Januari itawakuta mko tayari.