Mapenzi Yaliyotolewa na Mapenzi Yaliyofika

Assalaam alaykum, na jioni njema kwenu nyote mliotoka Ngamiani, Chumbageni na Raskazone, na nyie wa Pangani mliotangulia kufika.

Wanandoa wakikaa kusuluhishwa, malalamiko mawili hayakosi. Mume mvuvi husema: "Kabla samaki hawajaingia mnadani, nishamtengea changu wa nyumbani, tena mkubwa, na bado ananuna." Mke naye: "Tangu anioe sijasikia neno zuri kinywani mwake." Hapana mwongo hapo. Mapenzi yametolewa, hayajafika.

Mmeusikia ule mgawanyo wa njia tano za kuonyesha mapenzi ulioenea kutoka Marekani tangu 1992: maneno, muda, zawadi, kusaidiana kazi na mguso. Unafaa kufungua mazungumzo, ila msimbandike mtu njia moja akakaa nayo maisha. Mwaka 2024 Emily Impett wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walipitia ushahidi uliopo, wakaona kwamba watu huzithamini karibu njia zote. Yule mke anataka kitoweo na neno pia. Na ushauri mwingi humhimiza mtoaji tu. Mimi naona mpokeaji ndiye aliyesahauliwa, kwa hiyo leo nakaa kwake.

John Gottman, aliyechunguza wanandoa Seattle kwa miaka mingi, alitazama vile viito vidogo vya kila siku: "Hebu njoo uone", "Leo joto!", mtu kupumua kwa nguvu ili aulizwe ana nini. Kati ya maharusi aliowafuatilia kwa miaka sita, waliobaki pamoja walikuwa wakiitika mara 86 katika kila 100. Walioachana, mara 33. Tena kuitika kwenyewe si kazi kubwa. Ni kugeuza uso, kuweka simu chini, kuuliza swali moja.

Tuchukue mke anayeuza vitumbua. Anarudi ndani, anasema: "Leo vimeisha kabla ya saa tatu!" Mtafiti Shelly Gable na wenzake, mwaka 2004, walitenga namna nne za kuipokea habari njema. Mume wa kwanza: "Vizuri," macho yako kwenye mpira. Wa pili: "Ukizidisha utachoka, halafu cha mchana atapika nani?" Wa tatu: "Maji ya kuoga umeweka?" Wa nne: "Ehe! Nani kachukua vingi? Kesho unaongeza unga?" Ni huyo wa nne peke yake ambaye furaha ya mkewe imemfikia. Wa pili huumiza zaidi kwa sababu anadhani anamwonea huruma, na mke anasikia amekatwa. Huyo wa kwanza naye msimdharau: hakutukana, hakugomba, lakini akijibu hivyo mwaka mzima, mke atahamishia habari zake kwa shoga yake wa mlango wa pili.

Na mke vilevile. Mume karekebisha bomba la uani bila kuambiwa, hajasema kitu. Usipite. Litaje jambo lenyewe: "Bomba halivuji tena, nimeona." Shukrani ya jumla, "ahsante kwa yote", haimwonyeshi alichoonekana anakifanya.

Muda nao una mahali pake. Wavuvi wa dagaa wanaotumia taa huingia baharini siku za giza na kupumzika mwezi unapokuwa mpevu. Mazungumzo mazito yawekeni siku hizo za mbalamwezi. Mtu aliyerudi alfajiri amelowa, ukimpima mapenzi saa kumi na mbili asubuhi utapata kipimo cha uchovu. Wenye zamu bandarini na kiwandani, hesabuni vivyo hivyo.

Zawadi huharibika pale inapoletwa kufunika ugomvi ambao haukuzungumzwa. Doti ya leso haifuti tusi. Omba radhi kwanza. Na enyi waume, someni jina la leso kabla hamjalipa! Mji na pindo vinaweza kupendeza, na maandishi yakawa kijembe, naye atayasoma kama umeyachagua.

Kosa jingine ni kuzidisha kile kile. Anayetoa vitu akiona havipokelewi huongeza vitu. Anayetaka maneno huongeza maneno, na yanageuka lawama. Hapo simama uulize swali lenye mpaka: "Nikirudi, zile dakika kumi za kwanza ungependa nifanye nini?" Swali "unanipenda?" humfanya mtu ajitetee.

Mguso, kwa adabu zetu, ni wa ndani ya nyumba. Mwenzio akisema hapana, iwe hapana, bila kununiwa.

Na kupigwa, kunyimwa matumizi au kutishwa msikuite tofauti za mapenzi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenzi mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Hapo nenda Dawati la Jinsia polisi, usifanye zoezi ninalowapa.

Zoezi ni la wiki mbili. Kila mmoja ataje kitu kimoja kidogo anachopenda afanyiwe na mwenzake, kinachowezekana kila siku bila fedha. Wiki ya kwanza fanyeni bila kukumbushana. Siku ya saba kaeni dakika 15, kila mtu ataje alichokipokea, siyo alichokitoa. Mkianza kuhesabiana, acheni, mrudie kesho yake. Wiki ya pili badilisheni vitu.

Karibuni maswali, tuanze na akina mama wa safu ya nyuma.