Kutoboa Kioo kwa Mtetemo

Asanteni. Oyawore, Kisumu. Naona wanafunzi wamekaa mbele na mafundi wa soko la Kibuye wamejibanza nyuma. Wangepokezana viti ingefaa zaidi, kwa kuwa nitaanza na kazi ya mkono kabla ya kugusa hesabu.

Mmewaona akina mama wakipasua kokoto kando ya barabara. Hakuna anayetafuta pigo moja kubwa. Wanagonga kidogo kidogo mpaka jiwe linachoka lenyewe. Mashine ya ultrasoniki, yaani ya mtetemo wa haraka kupita uwezo wa sikio kusikia, nayo hugonga hivyo, ila nyundo zake ni chembe za boroni kabidi au silikoni kabidi zilizokorogwa na maji kama uji mwepesi. Ncha ya chuma hutetemeka juu ya uji huo mara 20,000 hivi kwa sekunde, na chembe zinadonoa kioo. Ncha haizunguki, kwa hiyo ukitaka tundu la mraba unachonga ncha ya mraba. Jaribuni hilo kwa keekee.

Mtetemo wenyewe ni mdogo: tuseme mikromita 20 (elfu moja ni milimita moja) juu ya katikati na 20 chini yake. Lakini pigeni hesabu. Kasi ya juu kabisa ya ncha ni kama mita 2.5 kwa sekunde, mtu anayekimbia polepole anaishinda. Mchapuko wake, yaani jinsi kasi inavyobadilika upesi, hata hivyo, unazidi ule wa uvutano wa dunia mara 30,000. Mimi nilipoipata namba hiyo mara ya kwanza nilidhani nimekosea sufuri.

Fuwele inayogeuza umeme kuwa mtetemo (kazi iliyoanzia kwa ndugu Jacques na Pierre Curie, 1880) husogea kidogo mno, hivyo tunaifunga kwenye pembe ya chuma inayokwenda ikipungua unene ili mtetemo ukue. Sauti hupita ndani ya chuma kwa takriban mita 5,000 kwa sekunde. Gawanya kwa 20,000: wimbi moja ni sentimita 25, na pembe inahitaji nusu yake, 12.5. Ukiikata 13, resonansi, yaani masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ambayo pembe huyaitikia kwa nguvu zaidi, imeshuka kwa mia kadhaa za mitetemo na mashine inanguruma bure.

Sasa mlinganyo wa mtetemo huo. Tungamo mara mchapuko, jumlisha ufifishaji (kile kinachoumaliza mtetemo, kama msuguano) mara kasi, jumlisha ugumu wa springi mara umbali, ni sawa na nguvu inayosukuma. Basi. Ufifishaji ukiwa mdogo, ukichora ukubwa wa mtetemo kwa kila masafa, kilele cha resonansi kinakuwa kirefu na chembamba; kinaweza kuwa na upana wa mitetemo 40 tu kati ya 20,000. Mkiitega mashine ikiwa hewani, inaimba vizuri sana. Ikigusa kioo, inanyamaza.

Hapo ndipo penye utamu. Kugusa kioo ni kama kuongeza springi ambayo ipo ncha ikishuka na haipo ikipanda. Resonansi inapanda, na kilele kinainama upande mmoja, kiasi kwamba kwa masafa yale yale mtetemo unaweza kuwa mkubwa au mdogo, na unaporomoka ghafla kutoka mmoja hadi mwingine. Juu ya hayo, joto linashusha resonansi, ncha ikilika inaipandisha. Unayoifuata haitulii.

Watoto wenu wameshalitatua tatizo hili kwenye pembea. Anayesukuma hatazami saa. Anangoja pembea irudi, ianze kwenda, ndipo anasukuma. Mwenzake akiongezeka uzito au akiburuza miguu, msukumaji anabadilika naye bila kuhesabu chochote. Katika resonansi, nguvu hutangulia mkao kwa robo ya mzunguko, yaani digrii 90, hata masafa yakihama. Kwa hiyo tunaweka kihisi kwenye pembe, tunachukua ishara yake, tunairekebisha awamu (wakati wake ndani ya mzunguko), tunaikuza, tunaiwekea kikomo isije ikapasua pembe, kisha tunairudisha kwenye fuwele. Mashine inajisukuma kwa mdundo wake yenyewe. Vladimir Babitsky na wenzake waliufanyia kazi sana mtindo huu, huitwa otoresonansi.

Ndiyo, mzee, nimeliona swali lako: je, si afadhali kukandamiza tu? Ukikandamiza, kazi inaharakika hadi kiasi fulani. Ukizidisha, chembe zinakosa nafasi ya kupita chini ya ncha, uji haubadilishwi, na kasi ya kutoboa inashuka ingawa mkono wako unauma. Njoo hapa mbele, kipande cha kioo ninacho. Weka kidole kwenye fremu, si kwenye ncha.