Msitu huu una spishi ngapi za sisimizi? Inategemea umewatafutaje

Haya, naona waliokuwa nje wameingia, tuanze. Huko nyuma mnanisikia? Sawa.

Kwenye mada kama hii watu huwa wanasubiri namba. Na namba nitawapa, ila kila nikitaja moja naomba mniulize "wamewatafutaje?", maana namba ya sisimizi isiyosema ilivyopatikana mimi siiamini hata kama imetoka kwa profesa.

Tukianza na dunia nzima, spishi zenye jina rasmi la kisayansi zimeshavuka 14,000, na nyingi ziko huku ukanda wa tropiki. Kuna utafiti ulitoka 2022 ukakadiria sisimizi wote walio hai ni kama trilioni 20,000, yaani ukichukua kaboni iliyo miilini mwao inazidi ya ndege na mamalia wote wa porini ukiwajumlisha pamoja. Halafu kuna ule mti wa msitu wa Tambopata, Peru, ambao Edward O. Wilson, mtaalamu wa sisimizi wa Marekani, aliuandika 1987. Mti mmoja, spishi 43. Visiwa vya Uingereza vyote vina karibu hizohizo. Wamewatafutaje? Walifukiza dawa kwenye kilele, wadudu wakadondoka, wakakingwa chini. Bila ule moshi ungesimama chini ya mti huo kutwa nzima ukaondoka na spishi chache tu zinazopita kwenye shina, ukaandika ripoti, na ripoti ingeonekana nzuri tu.

Sasa mimi mapenzi yangu yako chini, kwenye majani makavu, kwa hiyo mnivumilie nikikaa hapa kidogo. Unapima mita moja ya mraba, unazoa majani yote na tabaka la juu la udongo, unachekecha kwenye waya wenye matundu ya kama sentimita moja. Kinachopita ni takataka laini, ukiziangalia kwa macho unasema hapa hamna kitu. Unazitia kwenye kifuko cha wavu, kifuko unakining'iniza ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa ambao chini yake umefungwa chombo chenye spiriti. Huo ndio mfuko wa Winkler. Unauacha siku mbili, ukalale. Takataka zinakauka pole pole, sisimizi wanahangaika kutafuta unyevu, wanatoka kwenye wavu na kudondoka wenyewe kwenye spiriti, na humo unakuta viumbe ambao hawafiki hata milimita 2, ambao hujawahi kuwaona na usingewaona maisha yako yote kwa kutembea tembea na chupa. Utaratibu unaotumika sana ni viwanja 20 kwenye mstari wa mita 200, kila baada ya mita 10 kimoja, ili msitu wa huku na wa kule viweze kulinganishwa.

Lakini Winkler haipati wa juu ya miti, na wakubwa wenye mbio wanakimbia ukiwa bado unazoa majani. Kwa hao unafukia vikombe usawa wa ardhi, watumbukie. Chambo cha sukari au samaki ni rahisi ila kinavuta wababe, wanakuja kwa jeshi wanafukuza wengine, mwisho wa siku umepata orodha ya wababe. Na usiku wanatoka sisimizi tofauti kabisa. Pale La Selva, kituo cha utafiti msituni Costa Rica, watafiti walichanganya njia nyingi kwa miaka wakafika spishi 437, hiyo imechapishwa 2002, na hakuna njia hata moja peke yake ambayo ingewafikisha huko.

Kuna dada hapa mbele kanyoosha mkono... ndiyo, swali zuri, anauliza utajuaje kama umemaliza. Humalizi! Ila unaweza kukisia umebakiza kiasi gani, na ujanja uko kwenye wale uliowapata mara moja tu. Kama kwenye sampuli zako zote karibu kila spishi imejirudia mara nyingi, uko karibu na mwisho. Kama lundo la spishi zimeonekana mara moja moja, basi jua ziko nyingine nyingi zimekupita. Kwa hiyo yule mmoja mmoja usimtupe ukisema ni bahati mbaya. Martialis heureka, yule sisimizi wa rangi ya kupauka asiye na macho wa karibu na Manaus, Brazil, alielezwa 2008 kwa kutumia sisimizi mfanyakazi mmoja tu aliyeokotwa 2003, na ikabidi afunguliwe familia ndogo yake peke yake.

Sasa tuje mezani, maana kwa kweli msituni ni sehemu fupi, muda wote unaliwa na hadubini. Unakata kipembetatu cha karatasi ngumu, unakichoma pini, kwenye ncha unaweka tone la gundi, dogo, na ile ncha inaingia chini ya kifua cha sisimizi kutokea kulia, kati ya miguu ya kati na ya nyuma. Gundi ikizidi umeziba alama ambazo mwenzako atazihitaji miaka 50 ijayo. Chini ya pini lebo: nchi, vipimo vya GPS, mwinuko, tarehe, nani kakusanya, mazingira, na njia. Njia! Wengi wanaisahau hiyo. Kisha unaanza kuangalia kiuno kina kifundo kimoja au viwili, pembe zina pingili ngapi, mwisho wa tumbo kuna mwiba au kitundu.

Wageni wa kazi wanaanguka kwa Pheidole, jenasi moja ya sisimizi, yaani kundi la spishi zilizo ndugu. Kichuguu kimoja kina wafanyakazi wadogo na askari wenye kichwa kikubwa kupita kiasi, mtu anaandika spishi mbili. Na jenasi hiyo ina zaidi ya spishi 1,000, Wilson peke yake 2003 alizipa majina mapya 337 za Amerika. Dume wa siafu ndio kabisaaa, ana mabawa na mwili mnene, hafanani hata kidogo na wale wanaokung'ata miguu, Linnaeus mwenyewe, yule aliyeanzisha mfumo wa majina ya kisayansi, alimweka kwenye nyigu. Siku hizi DNA inasaidia kuunganisha dume na wafanyakazi wake, ila DNA haikupi jina, jina linatoka kwenye kulinganisha na ile sampuli ya kwanza kabisa iliyotumika kuielezea spishi, na nyingi za tropiki zimekaa kwenye makumbusho ya Ulaya.

Swali la mwisho, mzee pale... anauliza kazi hii yote inasaidia nini? Laikipia, Kenya, Pheidole megacephala, mvamizi, aliwamaliza sisimizi wenyeji waliokuwa wakilinda migunga dhidi ya tembo. Tembo wakavunja miti, simba wakakosa pa kujificha, pundamilia wakawaponyoka, simba wakageukia nyati. Imechapishwa 2024. Na ilijulikana kwa sababu kuna watu walishaandika mapema ni sisimizi gani walikuwa kwenye ile miti.

Na picha za simu? Kwa wakubwa zinafaa, piga uso, ubavu na mgongo, na uweke mahali ulipompigia. Kwa wa kwenye majani makavu, hapana, hao lete kwenye spiriti na lebo iandikwe kwa penseli, wino wa peni unayeyuka.