Alitia Saini, Lakini Aliambiwa Nini?

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nawashukuru walioniita, na nawashukuru zaidi mliovuka feri baada ya kutwa nzima ya kazi kuja kusikiliza habari za sheria ya ridhaa, yaani mgonjwa kukubali matibabu baada ya kuelezwa.

Mimi si daktari. Nimesimamia kliniki za meno hapa Mombasa kwa miaka mingi. Kazi yangu ni leseni, mishahara, faili na malalamiko. Nikialikwa kwenye kliniki mpya, mwenyewe hunipeleka kwanza kwenye ukuta: leseni ya daktari na ya kituo kutoka Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, yaani KMPDC, kibali cha biashara cha kaunti, cheti cha zimamoto, na idhini ya KNRA, mamlaka inayosimamia mionzi, ikiwa kuna mashine ya eksirei. Ni lazima viwepo, na leseni ya daktari huisha tarehe 31 Desemba, kwa hiyo anzeni mapema. Nikishaona ukuta, huomba kufunguliwa kabati la faili. Hapo ndipo naanza kuijua kliniki.

Nitawaeleza sababu. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu alikuja mama mmoja kutoka Likoni. Gego la mwisho la chini lilikuwa limemnyima usingizi wiki nzima, na shavu limevimba. Tukampa fomu ya ridhaa ya Kiingereza, kurasa mbili, ambayo niliinakili kutoka kliniki nyingine. Akatia saini pale kidole cha mpokezi kilipoelekeza. Jino likang'olewa. Siku ya tatu akarudi na kakake: mdomo wa chini, upande ule, bado una ganzi. Daktari alielewa mara moja. Ndani ya taya ya chini hupita mshipa wa fahamu, na mizizi ya gego lile huweza kuukaribia sana. Ukiguswa huumia. Mara nyingi hupona kwa wiki au miezi, na kwa wachache ganzi haitoki. Akamweleza yote hayo, polepole, kwa heshima. Yule mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ningaliambiwa haya kabla, daktari, ningalikwenda kushauriana na watu wangu kwanza."

Tukafungua faili. Mlikuwa na tarehe, namba ya jino, na neno moja: limetolewa. Daktari alisema alimweleza. Huenda ni kweli, lakini faili haikumshuhudia. Hisia zilimrudia yule mama baada ya miezi minne, alhamdulillahi, na hakutupeleka popote. Lakini haki ilikuwa yake, na fomu ile niliiweka mimi.

Sasa tazameni sheria yenyewe. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinamtaka mtoa huduma amweleze mgonjwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, na faida, hatari, gharama na matokeo ya kila njia, pamoja na haki yake ya kukataa. Tena amweleze, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma. Mombasa hatuna kisingizio. Kiswahili tumezaliwa nacho, na kwa mzee anayejua Kigiriama au Kidigo tu, hakosekani mtu kliniki wa kumfasiria. Saini kwenye karatasi ambayo mtu hakuielewa haimlindi yeyote, si mgonjwa wala daktari.

Na maneno yawe ya nyumbani. Mwambie: "Mdomo waweza kubaki na ganzi kwa miezi, na kwa wachache isitoke." Mwambie: "Damu itakayoganda kwenye shimo ndiyo dawa yenyewe; ukivuta sigara au ukisukutua kwa nguvu itang'oka, na maumivu yatakayofuata huenda yakashinda ya jino." Muulize kuhusu sukari, presha, mimba, na dawa za kuzuia damu kuganda. Halafu mwambie akueleze yeye alivyokuelewa, na majibu yake uyaandike kwenye faili, na saa uliyozungumza naye. Nasisitiza hili la kuandika, kwa sababu nimewaona madaktari wazuri sana, wapole, wenye mikono mizuri, wakikosa la kujitetea kwa kutoandika mistari minne.

Kuna jambo la watoto. Mtoto wa miaka 9 analetwa na dada wa kazi, analia, jino limeoza. Dada huyo hawezi kuridhia kwa niaba yake. Mpigie mzazi, mweleze yeye, uandike jina lake, namba na saa. Mtoto akihitaji kuzibwa jino, kumbukeni nchi za Mkataba wa Minamata wa zebaki, na Kenya sasa imo, zilikubaliana mwaka 2022 kwamba amalgamu, yaani kizibio cha jino chenye zebaki, isitumiwe kwa meno ya utotoni, kwa watoto chini ya miaka 15, na kwa wajawazito na wanaonyonyesha, ila daktari aone hapana budi. Hayo pia mzazi ana haki ya kuyajua.

Taka nitazipitia haraka: sanduku la sindano lifungwe likijaa robo tatu, mfuko wa manjano usichanganywe na taka za ofisini, na anayezibeba awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, na aache stakabadhi. Mfagizi akidungwa na sindano, dawa za kinga ya virusi vya ukimwi zianzwe ndani ya saa 72, na saa za kwanza ndizo bora. Asiogope kusema. Mwenye kliniki akimfokea leo, kesho wote wataficha.

Saa hizohizo 72 zimo katika Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kompyuta ya faili ikiibwa na wagonjwa wakawa hatarini kudhurika, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya muda huo tangu mjue. Kliniki, hata ya kiti kimoja, inapaswa kuwa imejiandikisha kwake. Na zile picha za meno mnazotumiana kwenye WhatsApp kuomba ushauri, jina na uso wa mtu vinafanya nini humo?

Hapo mlangoni nimeweka fomu ya ridhaa ya kung'oa jino, ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu. Ichukueni, lakini msiipeleke kliniki kesho. Msomeeni kwanza mama au shangazi nyumbani. Popote atakapowasimamisha na kuuliza "hapa maana yake nini?", wekeni alama, mniletee nipaandike upya.